Waliberali wa Uingereza (2): Ugomvi wa baba, urithi wa watoto

Wiki iliyopita tulimwacha Gladstone akizikwa Westminster Abbey mwaka 1898, chama chake kikiwa bado na jeraha la Ireland. Jeraha lilipona haraka. Mwaka 1906 Waliberali walizoa karibu viti 400 katika Bunge lenye viti 670.

Miaka 18 baadaye walibaki na 40. Sababu zinazotajwa kwa kawaida ni vita na wafanyakazi kuhamia Leba, na zote ni za kweli, ila nyumba yenyewe ilikuwa imeshapasuka kwa ndani. Desemba 1916 David Lloyd George alimng'oa Herbert Asquith kwenye uwaziri mkuu kwa kuungwa mkono na Wahafidhina. Mmoja alilelewa kijijini Wales na mjomba wake, fundi viatu. Mwingine alikuwa msomi wa Oxford aliyeoa kwa matajiri. Uchaguzi wa 1918 kila mmoja alikuwa na watu wake, na Asquith akapoteza hata kiti chake mwenyewe. Walipatana 1923, kwa midomo zaidi kuliko kwa mioyo.

Wazee walipoondoka, watoto waliurithi ugomvi. Violet Bonham Carter, binti Asquith, alilinda jina la baba yake kama amana. Bintiye Laura aliolewa na Jo Grimond, na Novemba 1956 mkwe huyo akakabidhiwa uongozi wa chama. Chama gani! Kilikuwa na wabunge 6, wa kutosha meza moja ya chai.

Upande wa Lloyd George, mwanawe Gwilym aliishia kwa Wahafidhina, akawa Waziri wa Mambo ya Ndani 1954. Dada yake Megan akaenda kinyume chake, akajiunga na Leba 1955. Februari 1957 Megan aligombea uchaguzi mdogo wa Carmarthen, kiti cha Waliberali, akakitwaa. Grimond hakuwa amemaliza hata miezi minne ya uongozi, na binti wa hasimu wa babu mkwe wake alishampunguzia mbunge mmoja kati ya sita.

Jibu lilitoka kwa mwana wa Violet. Machi 1958 Mark Bonham Carter alishinda Torrington, kule Devon, kwa kura 219. Tangu 1929 Waliberali hawakuwa wamenyakua kiti katika uchaguzi mdogo. Alikipoteza mwaka uliofuata, katika uchaguzi uleule uliomwingiza bungeni jirani yake wa North Devon, Jeremy Thorpe, ambaye ndiye tutakayeanza naye wiki ijayo.