Salikonia: Sifa, Matumizi na Kilimo cha Mmea wa Maji ya Chumvi

1.0 Utangulizi

Mazao mengi hudhoofika ardhi inapoingiwa na chumvi. Mizizi hushindwa kufyonza maji, na sodiamu inayolimbikizana katika majani huyaunguza. Salikonia ni miongoni mwa mimea michache ya maua inayostawi katika hali hiyo. Makala haya yanafafanua sifa, matumizi na kilimo chake kwa kurejelea spishi mbili: Salicornia europaea, inayoota katika pwani za Ulaya, na Salicornia bigelovii ya pwani za Marekani na Meksiko. Hoja ya msingi ni kwamba salikonia haiangamizi chumvi bali huihifadhi. Kwa hiyo, manufaa yake hutegemea namna chumvi hiyo inavyodhibitiwa.

2.0 Sifa

Salikonia ni mmea wa msimu mmoja, wa jamii moja na mchicha, ingawa kwa sura haufanani nao. Shina lake ni nene, lenye pingili na majimaji. Majani yamesinyaa yakawa magamba yaliyoshikamana na shina, hivyo usanisinuru hufanyika katika shina lenyewe. S. europaea huota katika matope ambayo bahari huyafunika na kuyaacha kwa zamu. Majira ya baridi yanapokaribia, mmea hugeuka mwekundu, hupukutisha mbegu zinazosambazwa na maji, kisha hufa.

Siri ya ustahimilivu wake imo ndani ya seli. Mmea huifyonza sodiamu na kuifungia katika vifuko vikubwa vya seli, mbali na sehemu ambazo ingezidhuru. Chumvi hiyo huuwezesha mmea kuvuta maji kutoka udongo wenye chumvi.

3.0 Matumizi

Matumizi ya kale yalitokana na jivu. Salikonia na mimea mingine ya pwani ilikaushwa na kuchomwa ili kupata magadi, malighafi ya kioo na sabuni. Ndiyo maana jina lake mojawapo la Kiingereza humaanisha "mmea wa kioo". Umuhimu huo ulififia baada ya Nicolas Leblanc wa Ufaransa kupata hataza, mwaka 1791, ya njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida.

Matumizi ya pili ni mboga. Katika pwani ya Norfolk nchini Uingereza na ghuba ya Somme nchini Ufaransa, ncha changa huchumwa majira ya joto na kuchemshwa kwa muda mfupi bila kutiwa chumvi. Mmea ukikomaa, nyuzi ngumu hujengeka katikati ya shina na ladha hupungua.

Matumizi ya tatu ni mafuta. Mwaka 1991, Edward Glenn na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya miaka 6 ya kumwagilia S. bigelovii maji ya bahari katika jangwa la pwani. Mbegu zilikuwa na mafuta asilimia 26 hadi 33 na protini asilimia 31, na mavuno yalilingana na ya soya na alizeti au kuyazidi. Hata hivyo, mashudu yalikuwa na saponini, ambazo huzuia ukuaji wa kuku. Mabua nayo hubaki na chumvi nyingi. Mifugo inayoyala huhitaji maji mengi zaidi ya kunywa, hivyo hufaa yachanganywe na malisho mengine.

4.0 Kilimo

Mbegu huoteshwa vyema katika maji yenye chumvi kidogo, kwa kuwa miche michanga huathirika kwa urahisi. Baada ya kuimarika, mmea huweza kumwagiliwa maji ya bahari, ambayo kwa kawaida huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Udongo wa kichanga unaopitisha maji hufaa zaidi. Maji hutolewa kwa wingi kuliko mahitaji ya mmea, ili ziada iisukume chumvi chini ya mizizi. Bila hivyo, hata salikonia hudumaa. Maji hayo ya ziada yakipenya hadi kwenye maji baridi ya ardhini, huharibu visima. Kwa sababu hiyo, shamba linafaa kuwa karibu na bahari, mahali ambapo maji ya ardhini tayari yana chumvi.

5.0 Hitimisho

Salikonia inaweza kuipa ardhi iliyoachwa mboga, mafuta na malisho bila kushindania maji baridi. Lakini kuipanda juu ya chanzo cha maji ya kunywa ni kununua zao moja kwa gharama ya kisima. Uamuzi wa kuilima, basi, unapaswa kutanguliwa na uchunguzi wa mahali maji ya ziada yatakapoelekea.