Sleji ya Theluji na Sleji ya Udongo

Mvua ya mawe ilipotupiga hapa West Indies, mtaa wetu wa Eldoret, watoto walichukua kifuniko cha pipa, wakakifunga kamba, wakavutana juu ya yale mawe meupe. Kilikwenda kama mtumbwi majini. Baada ya muda mfupi mawe yakayeyuka, kifuniko kikakwama katika matope, nao wakakiacha hapo. Nikaona, ndugu wakulima, kwamba wamenipa somo la kuwaeleza juu ya sleji zenu.

Kaskazini kabisa mwa dunia, katika nchi kama Norway na Finland, wako wakulima kama ninyi. Kwenye mji wa Tromsø jua halichomozi tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari. Ng'ombe hukaa zizini wakila nyasi kavu, na nje theluji imefunika kila kitu. Mtu wa huku angedhani kazi imekwisha. Lakini kwa mkulima wa zamani wa Finland, majira hayo ndiyo yaliyokuwa ya kusomba. Wakati wa joto mbuga zake zilikuwa matope matupu, gari la magurudumu lingezama. Basi alikata nyasi, akaziweka katika vibanda huko huko mbugani, akangoja ardhi igande iwe ngumu kama saruji. Ndipo alipomfunga farasi kwenye sleji akaenda kuzichukua. Njia za kuvutia magogo zilimwagiwa hata maji, yagande yawe barafu.

Siku hizi trekta zimeichukua kazi hiyo. Sleji za farasi zimebaki zaidi kwa kuwatembeza wageni, waliojifunika ngozi na mablanketi, wakienda kutazama shamba na mifugo na kunywa kitu cha moto. Farasi huvalishwa viatu vyenye meno ya chuma asiteleze, na njuga, maana sleji juu ya theluji haina kishindo na mpita njia angeweza kugongwa.

Sasa angalia tofauti. Juu ya theluji iliyoshindiliwa, mzigo wa kilo 500 huvutwa kwa nguvu kama ya kuinua kilo 25 mpaka 50 tu. Juu ya udongo mkavu nguvu hiyo yaweza kufika nusu ya uzito wa mzigo wenyewe. Ukitaka kuhakikisha, weka jiwe juu ya ubao, uuvute kwenye nyasi zenye umande, kisha uuvute kwenye udongo.

Nguvu ile ya ziada hutoka kwa ng'ombe wako, nayo huishia kuchimba ardhi yako. Kule kaskazini theluji huyeyuka na udongo chini yake haukuguswa. Huku gogo lako lenye panda hung'oa nyasi, likachora mfereji, na mvua ya Julai na Agosti ikiteremka hufuata mfereji huo huo. Mzee mmoja alinionyesha njia yake ya sleji kutoka zizini mpaka mtoni. Ndama akiingia ndani haonekani. “Niliitengeneza ya kuleta maji,” akasema, “sasa inapeleka shamba.” Katika Zimbabwe maafisa wa kilimo walipiga vita sleji kwa miaka mingi kwa sababu hiyo.

Sisemi uichome yako kesho. Matope ya uwanda huu si jambo geni. Makaburu waliofika mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe walikwama humu, na reli haikufika Eldoret mpaka 1924. Panapozama gurudumu, sleji bado hupita, na sina la kumwambia mtu ambaye maziwa yake yataharibika asipoyafikisha barabarani. Lakini usiishushe moja kwa moja kwenye mteremko. Ipitishe kwa kukingama, sambamba na matuta ya kuzuia mmomonyoko, ingawa njia itakuwa ndefu. Maji ya kunywa yaletwe na punda mwenye madumu ubavuni. Mahindi huvunwa mvua ikipungua, kwa hiyo hayo yafaa mkokoteni wa ng'ombe wenye magurudumu mawili ya gari. Mkokoteni ni ghali kwa mtu mmoja, lakini majirani wanne au watano waweza kuununua pamoja, wakipatana mapema nani atavuna kwanza. (Hapo ndipo ugomvi huanza, si kwenye bei.)

Na ule mfereji uliokwisha kuchimbika usiuache wazi. Kingamisha mawe na matawi ndani yake kila hatua chache, maji yatue udongo wake hapo, kisha panda matete kando zote mbili. Mawe na matawi yawekwe kabla ya Machi, ardhi ikiwa bado kavu, na matete yafuate mvua za kwanza zikinyesha.