Kabla hujauza usukani wa spoti, muulize mteja kruzi yake iko wapi

Leo naongea na sisi tunaouza spea na mapambo ya magari mtandaoni, ila hata wewe wa viatu au vyombo soma tu, utaona panapokugusa. Mteja anaona picha, anapenda, analipa, mzigo unafika na hauingii kwenye maisha yake. Ugomvi wa inboksi unaanzia hapo.

Usukani wa spoti unauzika, hilo halina ubishi. Weka status picha ya usukani mdogo wa milimita 350, ngozi nyeusi na uzi mwekundu, simu haitulii. Swali la kwanza siku zote ni "kaka bei gani?" Wengi tunarusha bei hapo hapo. Mimi narudisha swali: gari gani, ya mwaka gani, na kruzi kontroli yako unaiwashia wapi?

Kuna anayejibu "kruzi ndiyo nini?" Huyo mara nyingi gari lake halina, au linayo na hajawahi kuigusa kwa sababu anazunguka mjini tu. Lakini mtu wa safari za Dodoma, Mbeya, Arusha, huyo kruzi anaijua. Haitumii kwa starehe, anaitumia kwa sababu ya tochi. Ukiingia kijijini kwenye kibao cha 50, trafiki wako chini ya mti na kifaa chao, ukizidisha ni faini. Kruzi za Toyota nyingi zinaanza kushika kwenye 40 hivi, kwa hiyo anaiseti chini kidogo ya 50 anapita mdogo mdogo, mguu umepumzika. Sasa mtu huyo umemuuzia usukani, fundi amefunga, gari limependeza, amepiga picha. Wiki inayofuata yuko Gairo anatafuta kile kimkono cha kruzi kwa kidole, hakipo. Kimebaki kwenye usukani wa zamani, stoo.

Nilimpokea mteja wa namna hiyo, mwenye Mark X. Alinunua kwa muuzaji mwingine, simtaji. Alitaka pesa yake, muuzaji akamwambia usukani hauna kasoro. Na kweli haukuwa na kasoro. Ila hakuna aliyemwambia kwamba kwenye gari lake kimkono cha kruzi kimefungwa kwenye usukani wenyewe, kinazunguka nao, na usukani wa spoti hauna mahali pa kukifunga.

Tuelewane kwanza kwenye vitu vinavyohusika. Usukani wa spoti haukai moja kwa moja kwenye gari. Kuna kipande katikati kinaitwa bosi (siyo bosi wa ofisini). Upande mmoja kina meno ya kuingia kwenye shafti ya gari husika, upande wa pili matundu sita ya kufungia usukani. Usukani wa Momo, Sparco na OMP kwa kawaida matundu yake yako kwenye duara la milimita 70, wa Nardi na Personal milimita 74. Ukimuuzia mtu Nardi na bosi ya 70 umemuuzia matatizo. Na kopi iite kopi, usiiandike Momo kwa sababu tu imeandikwa Momo katikati.

Kitu cha pili ni klokispringi. Ni boksi la plastiki la mviringo nyuma ya usukani, ndani kuna utepe wa waya umejikunja kama futi ya fundi cherehani. Kazi yake ni kupitisha umeme wa honi, eabegi, vitufe vya redio na kruzi huku usukani unazunguka bila waya kukatika.

Cha tatu ni hicho kimkono cha kruzi. Kwenye Toyota nyingi kipo upande wa kulia chini ya usukani. Kitufe cha kwenye ncha unawashia, ukisukuma chini unaseti, ukisukuma juu inarudi kwenye spidi ya mwanzo, ukivuta kwako unafuta. Kimeshikwa na skrubu mbili tu, kinatoka kirahisi. Na hapa ndipo biashara ilipo, kwa sababu kitu kinachotoka na skrubu mbili kinaweza kuhamia mahali pengine.

Umeme sijausomea, kidato cha nne ndiyo mwisho wangu. Habari za omu nilizokariri darasani nimekuja kuzielewa dukani. Kile kimkono ndani kina resista. Kompyuta ya gari inatuma umeme kidogo kwenye waya mmoja, halafu inasoma umekutana na ukinzani kiasi gani. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea, ukipima kwa multimita unapata karibu omu 240 ukisukuma juu, karibu 630 ukisukuma chini, karibu 1,540 ukivuta, na kitufe cha kuwashia ni kama sifuri. Kompyuta inatazama namba tu. Haijui kimkono kimefungwa kwenye usukani, kwenye dashibodi au mfukoni kwako. Ukihamisha kimkono na waya wake viwili, ishara na ethi, yenyewe inaona maisha yanaendelea.

Sasa kukihamishia wapi. Njia ninayoipenda ni kukifunga kwenye kava la plastiki la shingo ya usukani, pale chini, kwa breketi ndogo ya bati. Waya zinaungwa kwenye soketi iliyo upande wa gari, kabla ya klokispringi, kwa hiyo hakuna kinachozunguka na hakuna cha kukatika. Kidole kinafika bila mkono kuacha usukani. Fundi aache waya mrefu kidogo kama shingo inapanda na kushuka, na breketi isiwe na kona kali mahali goti litagonga. Kama gari lina eabegi ya magoti chini ya dashibodi, hapo pasitobolewe kabisa.

Wengine wanataka kimkono kiendelee kuzunguka na usukani kama zamani. Inawezekana kwa kipande cha bati kinachobanwa kati ya bosi na usukani, waya zikapita kwenye klokispringi ile ile. Inapendeza, ila ni lazima klokispringi iwe katikati kabla ya kufunga. Ikifungwa imezunguka upande mmoja, siku anakata kona hadi mwisho utepe unakatika, na atakupigia wewe, siyo fundi.

Halafu kuna wa vitufe vya dashibodi. Anachukua zile nafasi tupu zenye vifuniko, anaweka vitufe vipya na resista za namba zile zile. Resista bei yake ni kama pipi, kwa hiyo mafundi wanaipenda. Hapa kuwa mkali kwenye jambo moja. Kitufe kiwe kile kinachorudi chenyewe ukikiachia. Ukiuza swichi ya kubaki chini, ile ya taa za urembo, na mtu akaifunga upande wa kuongeza spidi, gari litakuwa linaambiwa "ongeza, ongeza" muda wote. Mimi vitufe hivyo viwili nimevitenga kwenye boksi tofauti dukani, maana kwa macho vinafanana sana.

Kuna magari huna haja ya kujisumbua. Mercedes nyingi kama W124 na W203, na VW Golf 4, kimkono cha kruzi kiko kwenye shingo, hakizunguki na usukani. Ukitoa usukani chenyewe kinabaki pale pale. Na kuna magari ya kukataa. BMW E46 kwa mfano, vitufe vya usukani vinaongea na gari kwa lugha ya data, siyo kwa resista za kawaida. Mteja wa gari la hivyo anayetaka kruzi ibaki, mimi namwambia usukani huu siyo wako. Namuelekeza ashone ngozi mpya kwenye usukani wake wa awali, au atafute usukani wa gari hilo hilo la daraja la juu. Faida yangu inakuwa ndogo au hakuna, ila mzigo haurudi.

Nimefika kwenye eabegi, na hapa naomba usiruke mistari. Ukitoa usukani wa kiwandani umetoa eabegi ya dereva. Usukani wa spoti hauna. Hakuna maneno ya kulainisha hapo, na mteja ayasome kabla hajalipa. Pia kwenye magari mengi, taa ya eabegi ikiwaka kwenye dashibodi maana yake mfumo umejizima, kwa hiyo hata ya abiria na mikanda inayojikaza vinaweza visifanye kazi. Kuna mafundi wanaweka resista ndogo kuidanganya kompyuta ili taa izime. Mimi resista hiyo siuzi. Taa ile inasema ukweli, na kesho gari litauzwa kwa mtu mwingine ambaye atadhani kifuani ana kinga. Gari la familia linalobeba watoto shule, nawaambia wazi wabaki na usukani wao. Wengine wananuna. Sawa. Na mwenye bima kubwa aiulize kampuni yake kabla, siyo baada.

Fundi naye umuulize maswali kabla hujampa mteja namba yake. Anatoa waya wa hasi wa betri na kusubiri? Toyota wanataka angalau sekunde 90 kabla ya kugusa eabegi, kwa sababu umeme unabaki kwenye mfumo. Soketi za njano ni za eabegi, hazipimwi kwa multimita hata siku moja, umeme mdogo wa kipimo unaweza kuilipua. Eabegi iliyotolewa inawekwa upande wa mapambo ukiangalia juu, hailaliwi wala haifunikwi na kitu. Na klokispringi isitupwe hata kama haitumiki tena, maana magari mengi yana kihisi cha kona pale pale nyuma yake, na kikiondoka mfumo wa kuzuia gari kuteleza unalalamika. Fundi akikujibu "hayo mambo ya kitabu, sisi tunafunga tu", tafuta mwingine.

Honi ni rahisi. Bosi nyingi zinakuja na waya wake, kitufe kinakaa katikati ya usukani. Vitufe vya redio navyo mara nyingi ni vya resista kama kruzi, ila watu wengi wanaamua kuviacha.

Kwenye bei nilikuwa naandika namba moja kama kila mtu kwenye soko hili anavyofanya. Siku hizi naandika mistari minne: usukani, bosi ya gari lako, breketi na waya za kuhamisha kruzi, kazi ya fundi. Mteja akiona mstari wa tatu anauliza, na akiuliza tumeshaanza kuongea vizuri. Asiyetumia kruzi anaukata mwenyewe, na ninayo maandishi kwamba aliukata. Kabla ya kutuma mzigo naomba picha tatu: usukani wake kwa mbele swichi ikiwa imewashwa ili nione taa za dashibodi, usukani kwa chini na pembeni, na kibao cha gari chenye namba ya modeli. Mtu akisema "nitumie tu bwana, Mark X zote sawa", simtumii. Siyo zote sawa, kuna zenye kruzi na zisizo nayo, na za 2004 si za 2010.

Ujumbe ninaoutuma na kifurushi ni huu, unaweza kuuchukua ukaubadilisha: "Kaka/dada, mzigo umetoka. Usukani huu hauna eabegi, tulishakubaliana. Fundi akimaliza, usiondoke kabla ya kujaribu. Kata kona hadi mwisho kulia na kushoto, waya usivutike. Piga honi katika kila nafasi. Tafuta barabara iliyo wazi, washa kruzi, seti 60, kisha gusa breki kidogo. Kruzi lazima iachie pale pale. Rudisha, kisha vuta kimkono, iachie tena. Gari la gia za mkono, jaribu na klachi. Isipoachia hata mara moja, izime na umrudie fundi siku hiyo hiyo. Usukani wako wa zamani na eabegi yake usiuze wala usimwachie fundi, utauhitaji siku ya kuuza gari."