WAZEE WASIANGUKE: MAZOEZI YA KUSIMAMA IMARA

Mashamba ya makazi katika nyanda za juu yalianza kugawanywa kwa wingi mwaka 1962. Mtu aliyepewa shamba wakati huo akiwa na miaka 25, sasa amepita miaka 80. Wengi wao bado huamka alfajiri kwenda kukamua, na njia ya zizini ina matope. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani, na mtu mmoja wa nyumbani hana budi kuacha kazi ya shamba ili amtunze.

Watu husema kuanguka ni uzee tu. Sivyo. Mwili husimama kwa msaada wa macho, sikio la ndani, nyayo na viungo, ambavyo huuambia ubongo jinsi mwili ulivyokaa. Kisha misuli ya miguu huushika. Uzee hudhoofisha vyote hivi, lakini misuli hupata nguvu tena kwa mazoezi, hata baada ya miaka 80. Mzee anayeketi kutwa kwa hofu ya kuanguka huzidi kulegea, na ndipo huanguka kwa urahisi zaidi. Uchunguzi umeonyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa kiasi cha robo.

Yafanywe siku 3 au zaidi kila juma, karibu na nguzo imara au meza nzito, mtu mwingine akiwa kando:

1. Keti juu ya kiti kisichoyumba, simama polepole, kisha uketi tena. Mara 10. Miguu ikipata nguvu, usijisaidie kwa mikono.

2. Shika nguzo, inua visigino, kisha ushuke polepole. Mara 10.

3. Weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole. Simama sekunde 10, kisha badili miguu. Ukizoea, jaribu kusimama kwa mguu mmoja.

Usiachilie nguzo mpaka uwe umezoea. Ukiona kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha, uende zahanati. Mzee aliyekwisha anguka mara 2 katika mwaka, au anayeona kizunguzungu akiinuka, amwone daktari kabla ya kuanza.

Tena, sawazisheni njia ya zizini na kuitia changarawe, na mzee asivae viatu vinavyopwaya. Ng'ombe hakamuliwi siku moja akatosha mwaka mzima. Na mazoezi ni vivyo hivyo. Ayaachaye hupoteza nguvu aliyoipata.