Maandalizi ya Kijana Anayekwenda Kutibu Macho Ugenini

Mwanafunzi wa optometria aliyesomea Marekani huandika uwezo wa kuona kwa futi: 20/40. Faili la kliniki ya macho ya Moshi au Nakuru linataka mita, yaani 6/12. Asipolijua hilo, anayempokea mgonjwa baada yake analazimika kupima upya. Maandalizi ya kwenda kujitolea nje ya nchi yaanzie kwenye mambo ya namna hii, kabla hata ya chanjo na viza.

Haja ya wataalamu ni kubwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwa walau bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Hata hivyo, kijana asiyeandaliwa huwaongezea kazi wenyeji ambao tayari wameelemewa.

Aliyezoea kupima macho kwa kompyuta atakwama umeme ukikatika. Hapo anahitaji retinoskopu, kifaa cha mkononi kinachorusha mstari wa mwanga ndani ya mboni. Anakaa sentimita 67 kutoka kwa mgonjwa, chumba kikiwa na giza, anauyumbisha mwanga polepole huku akitazama mng'ao mwekundu ndani ya jicho. Mng'ao ukifuata mwanga unakoelekea, anaweka lenzi ya chanya. Ukienda kinyume, ya hasi. Anaendelea hivyo mpaka mboni nzima ijae mwanga kwa mara moja. Mwisho anatoa dioptria 1.50 kwenye nguvu ya lenzi, kwa ajili ya umbali aliokaa. Mtoto wa miaka minne, au bibi asiyesikia vizuri, hupimwa hivi bila kuulizwa swali hata moja. Ustadi huo hauji kwa semina ya siku moja. Unataka macho mengi na mwalimu mkali. Kijana aumalize kwao, asije kujifunzia kwa mtoto wa kijijini.

Lugha nayo haihitaji miezi. Chati ya herufi E inamtaka mgonjwa aonyeshe kwa mkono tu miguu ya herufi inakoelekea, hivyo maneno machache yanatosha: angalia mbele, funika jicho la kulia, usifumbe, pole. Lakini "Shikamoo, mama" itangulie, na "Marahaba" isikike, kabla ya kummulika mzee usoni.

Magonjwa ndiyo yanayohitaji kusomwa upya. Katika nchi tajiri, kidonda cha konea mara nyingi hutokana na lenzi za kuvaa ndani ya jicho. Huku mgonjwa anaweza kuwa mkulima aliyekwaruzwa na jani la muhindi, na kinachomla jicho ni fangasi. Matone ya steroidi yatapunguza wekundu, mgonjwa atashukuru, na huku nyuma fangasi watasambaa. Matone hayo hayo, mtoto mwenye mzio akiyatumia kwa miezi bila kufuatiliwa, yanaweza kumletea presha ya macho inayopoteza uoni kimyakimya. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mgonjwa liwe: umeshaweka dawa gani?

Daktari kijana aliyefundishwa kutoa mtoto wa jicho kwa mashine ya mawimbi ya sauti ana somo jingine. Mwaka 2007 Sanduk Ruit, Geoffrey Tabin na wenzao walichapisha jaribio lililofanywa Nepal kwa wagonjwa 108: upasuaji wa mkono wa tundu dogo lisiloshonwa ulitoa matokeo mazuri sawa na ya mashine, kwa muda mfupi na gharama ndogo zaidi. Mgeni anayefika na kudai mashine bado hajasoma vya kutosha.

Na yale masanduku ya miwani iliyotumika yabaki nyumbani. Utafiti wa mwaka 2012 ulichunguza miwani 275 ya msaada. Asilimia 7 tu ndiyo iliyofaa kutumika. Fedha za kuisafirisha zingenunua miwani mipya iliyopimwa kwa jicho la mwenyewe, na fundi miwani wa hapo mjini angepata kazi.

Mipaka ya kazi lazima iandikwe mapema. Daktari wa nje anayetaka kutibu Tanzania Bara anahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na mwanafunzi hapaswi kugusa huku asichoruhusiwa kugusa kwao. Kukataa kazi isiyo ya kiwango chake, hata foleni ikiwa ndefu na wenyeji wakimsihi, ni jambo la kufanyiwa mazoezi darasani kama lilivyo jambo lolote la tiba.

Ratiba ipangwe na mwenyeji. Aliyefanyiwa upasuaji huangaliwa kesho yake, kisha tena baada ya wiki kadhaa, wakati mgeni wa mwezi mmoja ameshaondoka. Kwa hiyo kila mgonjwa wake awe na mtaalamu wa kliniki aliyemwona pamoja naye tangu siku ya kwanza, na mgeni asipewe mgonjwa ambaye hana mtu wa kumfuatilia.