PCB imeyumba? Njia ya udaktari bado ipo, lakini angalia kwanza Hisabati ya kidato cha nne

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, kuna nyumba zinazopiga vigelegele na kuna nyumba zinazonyamaza. Katika hizo zinazonyamaza mara nyingi yupo kijana wa PCB ambaye majirani walizoea kumwita “dokta” tangu akiwa shule ya msingi. Leo simu yake inaonyesha E ya Fizikia na D ya Kemia, na mzazi amebaki na swali moja: ndoto ndiyo imekufa?

Haijafa. Ipo njia nyingine, halali na inayotambuliwa na vyuo vikuu. Ila ina kizingiti ambacho ni rahisi kukigundua ukiwa umeshalipa ada ya miaka mitatu.

Usiangalie daraja peke yake

Wazazi wengi huuliza “amepata divisheni ngapi?” Kwa udaktari, swali hilo halitoshi.

Chukua watoto wawili. Wa kwanza ana D, D na D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Wa pili ana C ya Kemia, C ya Baiolojia na S ya Fizikia. Kwa hesabu ya Baraza la Mitihani (Necta), ambako pointi chache ndizo nzuri, wote wana pointi 12. Nyumbani utasema wamelingana.

Kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hesabu inageuka. Huko A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na nyingi ndizo nzuri. Mwombaji wa shahada ya udaktari wa binadamu, yaani MD, anatakiwa awe na principal katika masomo yote matatu, kwa jumla isiyopungua pointi 6. Mtoto wa kwanza amegusa kiwango hicho. Wa pili, pamoja na C zake mbili, hana sifa, kwa sababu S si principal.

Kugusa kiwango nako si kupata nafasi. Chuo kinaweza kuongeza masharti yake, na nafasi zikiwa chache huanza kuchukuliwa wenye alama za juu. Mwenye D tatu aombe, lakini familia iwe na mpango wa pili mkononi.

Njia ya tabibu

Mpango wa pili unaojulikana zaidi ni stashahada ya utabibu, ile ya Clinical Medicine. Husomwa miaka mitatu, na anayehitimu anaweza kuajiriwa kama tabibu. Ndiye mhudumu ambaye wengi wetu hukutana naye kwanza tukienda zahanati au kituo cha afya.

Kinachofanya njia hii iwafae walioteleza kidato cha sita ni kwamba sifa za kuingia zinatokana na cheti cha kidato cha nne: ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Matokeo mabaya ya kidato cha sita hayamzuii.

Akimaliza na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, anaweza kuomba MD. Hapo ndipo kazi ilipo. Mwenye GPA ya 2.8 amefaulu, ana cheti na anaweza kuomba kazi, lakini hawezi kuombea MD. Kwa hiyo kijana anayelenga udaktari aambiwe tangu muhula wa kwanza kwamba kufaulu tu hakutoshi.

Kuhusu muda, hofu ni kubwa kuliko ukweli. Anayepita kidato cha sita husoma miaka miwili, kisha mitano ya MD na mmoja wa utarajali hospitalini, jumla minane. Anayetoka kidato cha nne kwenda utabibu husoma mitatu, mitano na mmoja, jumla tisa. Tofauti ni mwaka mmoja. Anayeumia zaidi ni aliyekwisha kutumia miwili ya kidato cha sita, na hata huyo anamaliza akiwa bado kijana.

Kizingiti chenyewe

Sasa soma hapa taratibu. Ili kuingia stashahada ya utabibu, ufaulu wa Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kuwa ni nyongeza nzuri tu, si lazima. Mtoto mwenye F ya Hisabati anapokelewa, anasoma na anahitimu vizuri.

Akija kuomba MD, mwongozo wa TCU unamtaka awe na angalau D ya kidato cha nne katika masomo matano: Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. GPA ya 4.5 haifuti F ya Hisabati.

D huanzia alama 30 kati ya 100. Yaani kijana anaweza kuzuiwa udaktari na mtihani alioufanya akiwa na miaka 16 au 17, ambao hakuna aliyemwambia kwamba bado unamsubiri.

Dawa yake ni kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani hufanyika Novemba, lakini usajili wa Necta hufunguliwa mapema mwanzoni mwa mwaka, hivyo usisubiri Septemba. Afanye kabla ya kuanza stashahada au akiwa mwaka wa kwanza, Hisabati ikiwa bado haijasahaulika. Kama anarudia masomo ya sayansi, chagueni kituo chenye maabara inayofanya kazi, kwa sababu Fizikia, Kemia na Baiolojia zina mtihani wa vitendo.

Jihadharini na vishoka

Nyumba yenye huzuni ndiyo vishoka huipenda. Atakuja mtu mwenye “ndugu pale chuoni”, au wakala mwenye “nafasi ya udaktari nje ya nchi, matokeo si shida.”

Maombi ya shahada hupelekwa chuoni moja kwa moja. Hakuna nafasi inayouzwa pembeni. Chuo cha stashahada kiwe kimesajiliwa na Nactvet. Hilo si suala la karatasi tu: mhitimu wa stashahada anahitaji namba ya uhakiki ya Nactvet, inayoitwa AVN, ili aombe chuo kikuu.

Kwa wanaofikiria nje ya nchi, ulizeni TCU kwanza kama chuo hicho kinatambuliwa, kabla ya kulipa chochote. Akirudi, shahada yake italazimika kutambuliwa na TCU, na kabla ya utarajali atakutana na mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Chuo kilichompokea bila kujali matokeo hakitakuwepo kumsaidia siku hiyo.

Mwulize na yeye

Kuna jambo ambalo mwongozo haulijibu: udaktari ni ndoto ya nani? Wapo vijana waliolazimishwa PCB na sasa wanaogopa kusema. Wapo pia wanaopenda kuhudumia wagonjwa ambao wangefurahi wakiwa wauguzi, wafamasia, wataalamu wa maabara au wa fiziotherapia. Mwulize akiwa ametulia, si usiku wa matokeo, na usimlinganishe na mtoto wa jirani.

Kisha toeni cheti cha kidato cha nne kabatini. Tazameni mistari mitano: Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia, Kiingereza. Kama yote ina D au zaidi, njia iko wazi na kazi iliyobaki ni ya kijana. Kama mmoja una F, anzeni na huo kabla ya ada yoyote. Na kwa kuwa masharti huweza kubadilika, someni mwongozo wa TCU wa mwaka mnaoomba, si ule wa kaka yake.