Nkome: tajiri na kibarua wakizeeka

WAVUVI wa mwalo wa Nkome, mkoani Geita, huzeeka kwa namna mbili. Kuna tajiri, ndivyo anavyoitwa mwenye mtumbwi na injini, na kuna kibarua anayemvulia. Samaki wakishauzwa hutolewa kwanza gharama za safari, kisha kinachobaki hugawanywa. Tajiri hupata fungu lake hata akiwa amelala nyumbani. Kibarua hupata akiwa majini tu. Mgongo ukikataa, mapato yamekwisha.

Pengo hilo lilipanuka miaka ya 1990, viwanda vya minofu vya Mwanza vilipokuwa vikigombea sangara kwa soko la Ulaya. Fedha ilionekana mwaloni. Aliyenunua mtumbwi wa pili, au kiwanja Geita mjini, leo ana kitu cha kumlisha. Aliyekula zote anategemea wanawe, kama wanajiweza.

Hata mtaji wa tajiri una hatari zake. Mwaka 2018, Operesheni Sangara iliteketeza nyavu zilizohesabiwa kuwa haramu katika mialo ya ziwa. Aliyeweka akiba yake yote kwenye nyavu za aina hiyo alibaki mikono mitupu.

Tanzania Bara haina pensheni ya kila mzee. Zanzibar ilianza kuitoa Aprili 2016, Sh 20,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70. Bara kuna TASAF, lakini hiyo hutazama umaskini wa kaya, si umri.

NSSF hupokea michango ya waliojiajiri, na hapo ndipo hesabu inapombana mvuvi. Sharti la pensheni ni michango ya miezi 180. Anayeanza na miaka 45, bila kuruka mwezi, atatimiza akiwa na 60. Nani mwaloni haruki mwezi? Dagaa peke yake husimama kila mbalamwezi. Vipande vya Mfuko wa Umoja, ulioanza 2005, havina sharti hilo, ila bei yake hupanda na kushuka.

Wanawake wazee wanaoanika dagaa mchangani hawamo kabisa katika mgao wa mtumbwi. Hununua ndoo chache kwa fedha yao, huomba jua. Mvua ikinyesha kabla mzigo haujakauka, dagaa huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na mtaji wa wiki ijayo hupungua.